Tangi la Klorini Juu ya Mfongo

Vijana wa kitengo cha usafi wa mitambo waliniomba niandike kitu kabla sijasahau, na walinieleza sababu hiyo usoni kabisa, bila haya. Niko nyumbani Uru tangu nilipostaafu mwezi uliopita. Nimepalilia kahawa mpaka mgongo umegoma, kwa hiyo sasa nina nafasi ya kukaa mezani. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala na nani. Mambo hayo yamo ofisini, na hayamsaidii mtu anayefungua pipa la asidi asubuhi. Nitaandika juu ya vyombo tulivyohifadhia dawa zetu, jinsi tulivyovichagua, na mwaka ambao tulichagua vibaya.

Kwa ambaye hajawahi kuingia kiwandani kwetu: tulitengeneza maziwa na juisi, hapo Moshi. Maziwa yakipita kwenye mabomba yanaacha utando, na utando huo usipotolewa, maziwa ya kesho yote yanachachuka. Kwa hiyo mitambo ikisimama tunapitisha dawa ndani ya mabomba. Kwanza kostiki ya kukata mafuta, halafu dawa ya kuua vijidudu. Hizi za kuua vijidudu zilikuwa mbili. Moja ni klorini ya maji, ndugu ya ile mnayofulia nguo nyeupe, ila yetu ni kali mno. Nyingine ni asidi inayonukia kama siki, na kiwanda kizima kiliiita siki, ingawa ukiitia kwenye kachumbari hutafika kijiko cha pili. Kila moja ikiwa peke yake ni msaidizi mzuri. Zikikutana zinatoa gesi inayofunga kifua.

Siku yangu ya kwanza kazini haikufika saa ya chai. Nilipelekwa kwa Mzee Shirima, mkemia wa kiwanda, mtu mrefu wa Mwika aliyezungumza taratibu kama anayepima kila neno kwenye mizani.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Naona vidole vyako."

Nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa sandozi mpya nilizonunuliwa na dada yangu kwa ajili ya siku hiyo.

"Rudi nyumbani, Theresia," akasema. "Kesho uje na viatu ambavyo sitaona vidole."

Nikapanda Uru kwa miguu huku nikilia. Mama alidhani nimefukuzwa. Na kweli nilikuwa nimefukuzwa, ila kwa siku moja tu.

Dirishani mwa maabara yake Mzee Shirima alikuwa amepanga chupa za vioo zilizowahi kuwa na jamu. Kila chupa ilikuwa na dawa mojawapo, na ndani yake kimezama kitu: kipande cha mpira, gasketi, koki ndogo, kibanzi cha tangi. Hakuna kitu kipya kilichoruhusiwa kugusa dawa kiwandani kabla hakijakaa kwenye chupa ile muda wa kutosha. Alikuwa akikitoa kwa koleo, anakisuuza, ananipa nikibonyeze nikiwa nimevaa glavu. Gasketi nyingine zilitoka ngumu kama zilivyoingia. Nyingine zilitoka laini kama ugali wa mgonjwa. Koki ya shaba iliyolala kwenye klorini ilitoka imevaa kijani, na klorini yenyewe ilikuwa imepungua nguvu, kwa sababu shaba na dawa ile hulana, kila mmoja akimmaliza mwenzake.

Siku moja alinipa kibanzi akaniuliza, "Hiki ni nini?"

"Plastiki."

"Plastiki gani?"

"Nyeupe."

Hakucheka. "Rangi hata mbuzi anaiona," akasema. "Usihangaike na jina la plastiki. Muulize aliyelitengeneza tangi: ulilitengeneza libebe nini? Akikujibu kwamba linabeba chochote, muage kwa adabu."

Nilifanya kazi naye mpaka alipostaafu na kurudi Mwika kwenye migomba yake. Chupa za jamu aliniachia. Wasafishaji wa ofisi walijaribu kuzitupa mara kadhaa, na kila mara nilizifuata kwenye pipa la taka.

Kwa miaka mingi klorini na siki zilikuja kwa madumu na mapipa madogo. Watu walizibeba mikononi, wakazimimina kwa vikombe, na kila mmoja alikuwa na nguo yenye matundu. Mwenzangu wa karibu wakati huo alikuwa Aloyce, naye mtu wa Mwika, mzoefu, mtulivu, aliyependa kufanya kazi akiimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Dawa ya siki haitulii ndani ya chombo. Inapumua, inatoa hewa kidogo kidogo, na kwa sababu hiyo vifuniko vyake vina tundu dogo la kupumulia. Kuna pipa moja lililopoteza kifuniko chake, na mtu akalifunika kwa kifuniko kilichoziba kabisa, akiamini kwamba anazuia harufu. Likakaa juani. Aloyce alipokwenda kulifungua lilikuwa limevimba tumbo. Kifuniko kiliruka na dawa ikamfuata usoni. Ilipita pembeni mwa miwani yake ya kinga.

Tulimsukuma chini ya bomba la kuogea la dharura na kumshikilia hapo, macho wazi, mpaka gari lilipokuwa tayari. Alirudi kazini baada ya muda mrefu. Jicho la kulia lilikuwa zima, la kushoto lilibaki na ukungu ambao haukutoka tena. Alirudi akiimba vilevile, ila alikuwa anageuza kichwa chote kumtazama aliyesimama upande wa kushoto.

Baada ya hapo meneja alipiga marufuku kubeba dawa hizi mikononi. Ulikuwa uamuzi mzuri. Yalihitajika matangi makubwa mawili, moja la klorini na jingine la siki, ambayo gari la muuzaji litayajaza kwa mpira na pampu itanyonya kutoka humo hadi kwenye mitambo. Mimi wakati huo nilikuwa nasimamia kitengo, na kazi ya kuchagua ikawa yangu pamoja na Festo, afisa ununuzi wetu. Festo alikuwa kijana mchangamfu, anayejua kila duka kuanzia Moshi hadi Dar, na hakuna kitu alichochukia kama kusubiri.

Tuliona matangi mengi. Palikuwa na tangi la chuma kutoka kiwanda kilichofungwa, zuri kwa kostiki lakini klorini ingelitoboa. Palikuwa na la stenlesi linalong'aa, ambalo kila mtu alilipenda kwa kulitazama, na klorini ingelila vidoa vidoa mpaka livuje. Mwishoni tulipata mtengenezaji anayejua anachozungumza. Alituuliza kabla hatujamuuliza: dawa gani, kali kiasi gani, itakaa juani au kivulini. Matangi yake yalikuwa ya plastiki nene, yaliyopimwa kwa ajili ya kimiminika kizito kuliko maji. Klorini ni nzito kuliko maji, na jambo hilo watu hulisahau. Tangi la maji lililojazwa klorini ni sawa na mtu aliyetwishwa mzigo wa mwenzake juu ya wake. Matangi hayo yalikuwa na tundu la kupumulia juu, na bomba la kutolea dawa lilipita juu pia, ili chini pasiwe na tundu lolote. Tatizo lilikuwa moja. Yangefika Januari.

Na sisi tulikuwa tunaelekea Desemba. Mkoa mwingine unaweza usielewe. Desemba Wachagga wanarudi nyumbani, kila kihamba, yaani shamba la ukoo, kinafufuka, na kila familia inataka maziwa, juisi na soda kuliko mwaka mzima uliopita. Kiwanda kingesimama kwa kukosa dawa ya kusafishia, watu wangekumbuka mpaka Pasaka.

Tulikaa ofisini kwa meneja, mtu wa Mbeya, mpole, anayeandamwa na simu siku nzima.

"Mama Deo," Festo akaniambia, "pale mjini kuna tangi jeusi la maji, kubwa, leo hii nalileta. Tangi ni tangi."

"Limetengenezwa libebe nini?"

"Maji."

"Basi libebe maji."

Meneja alifumba macho kidogo. "Kwa muda tu," akasema. "Klorini peke yake. Siki iendelee kwenye mapipa yake na pampu ya mkono mpaka Januari. Tangi jeusi liwekwe chini ya bati, lijazwe nusu, na lizungushiwe ukuta. Hilo linawezekana, Mama Deo?"

"Koki yake ya chini ni ya shaba."

"Ibadilishwe ikipatikana ya plastiki."

Haikupatikana. Niliikumbushia, nikaikumbushia tena, na Festo kwa kweli aliitafuta. Maduka yalikuwa na taa za Krismasi na koki za shaba.

Ukuta ulijengwa. Ni ukuta mfupi wa saruji unaolizunguka tangi, kama beseni, ili tangi likivuja dawa ibaki humo. Fundi mwashi aliacha tundu chini, lenye koki yake, la kutolea maji ya mvua yanayopeperushwa na upepo. Sote tuliona ni jambo la busara. Tundu lile lilimwaga kwenye mtaro, mtaro ukapita chini ya uzio wa kiwanda, na nyuma ya uzio kulikuwa na mfongo, ule mfereji wa wazee unaoteremsha maji ya mlimani kwenye mashamba ya chini.

Wiki ya Krismasi, asubuhi, watu wakiwa wamerudi kutoka chai, Aloyce alikuja ofisini kwangu haraka. Harufu ilikuwa imetangulia. Tulikimbia mpaka kwenye tangi. Shaba ilikuwa imelika, plastiki ikapasuka kuizunguka, na klorini ilikuwa inamwagika kwa mkondo mnene ndani ya beseni. Nilifarijika kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya beseni.

Aloyce aligeuza kichwa, akatazama kwa jicho lake zima.

"Mama," akasema, "haijai."

Nami nikaona. Tangi linamwaga na beseni halipandi. Usiku ulikuwa wa mvua, na mlinzi, ambaye aliambiwa apaweke pakavu, alikuwa amefungua koki ya tundu la beseni kutoa maji. Alifanya alichoambiwa. Koki ilikuwa bado wazi, na ilikuwa chini ya ule mkondo.

"Nipe barakoa," nikamwambia. "Naingia."

"Wewe huijui ilipo, mimi nilimsaidia fundi kuiweka," Aloyce akajibu, akiwa tayari anavuta gambuti. "Nenda mfongoni."

Festo alikuwa amefika, ameshika pua kwa leso. "Si kuna siki hapo?" akauliza. "Asidi si inaua hii? Tuimwage juu yake."

"Ukimwaga siki hapo, Festo, Aloyce hatoki. Na sisi hatutoki. Tafuta panga, nifuate."

Alilitafuta. Hilo nimelikumbuka kwake siku zote, kwamba hakubishana.

Kwenye mfongo kulikuwa na wanawake watatu wakimwagilia mboga, na mmoja wao nilimfahamu kwa kusalimiana tu: Mama Kilawe, mjane, mwenye bustani ya mchicha na kabichi karibu kabisa na uzio. Chini yake kulikuwa na mashamba mengine, na chini ya hayo watu walichota maji ya kunywesha ng'ombe na mengine ya kupikia.

"Mama Deo, leo mmeosha nini huko ndani?" akaniuliza, akikunja pua.

"Tokeni majini. Klorini imeingia kwenye mfongo. Tufunge wapi isishuke?"

Hakuuliza klorini ni nini. Alitazama maji, akatazama chini kwenye mteremko, halafu akanyoosha mkono. "Pale kwenye mgawanyo. Tukiziba pale, maji yote yanageuka kwangu. Hayashuki."

"Yanaingia bustanini kwako?"

"Yataingia wapi tena?" akasema. Akamgeukia mwenzake, akamwambia kwa Kichagga akimbie juu akaombe mfongo ufungwe huko mwanzo, na yule mwanamke akaondoka mbio.

Festo alikata migomba. Alikuwa na viatu vya ofisini na shati jeupe la sikukuu, akakata shina baada ya shina pembeni mwa mfereji, na sisi tukayakokota, tukayalaza kwenye mgawanyo, tukakandika udongo na majani kwa miguu na mikono. Mama Kilawe ndiye aliyejua pa kukanyaga. Maji yalisimama kidogo, yakatafuta njia, halafu yakageuka na kuingia kwenye mistari ya mchicha wake. Alisimama akiyaangalia yakiingia. Alipangusa mikono kwenye khanga.

Mkondo ulipoanza kupungua nilijua Aloyce ameifikia koki. Niliporudi juu nilimkuta amekaa chini ya bomba la dharura, maji yanamtiririka, anakohoa. Ngozi ya kifundo cha mkono ilikuwa imebabuka pale glavu inapoishia. Alipelekwa hospitali na akakaa huko sikukuu yote. Jicho halikuguswa. Klorini iliyobaki kwenye beseni tuliinyonya kwa pampu, tukairudisha kwenye yale yale madumu yaliyopigwa marufuku, na maziwa ya Krismasi yakatoka. Watu waliyanywa bila kujua lolote, ambayo ndiyo hali tunayoitafuta siku zote katika kazi yetu.

Mchicha ulipauka, halafu kabichi zikafuata. Chini ya mgawanyo hakuna ng'ombe aliyeugua wala mtu.

Baada ya mwaka mpya wazee wa mfongo walituita. Meneja alikwenda mwenyewe, akaleta mbuzi kama alivyoelekezwa, akapewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akainywa mpaka chini, ingawa ilikuwa mara yake ya kwanza na uso ulimsaliti. Alisema kosa ni la kiwanda. Alisema shamba la Mama Kilawe litatolewa udongo wa juu na kuletewa mwingine na mbolea, na mpaka lipone kiwanda kitamlisha. Wazee waliridhika. Mama Kilawe alikuwa na swali.

"Tangi lenu lilipasuka. Mnaleta jingine. Hilo litapasuka lini?"

Meneja akanitazama.

"Litazeeka," nikasema. "Kila tangi la plastiki linazeeka, hata zuri. Tutaliondoa kabla halijapasuka."

"Nani atajua kwamba sasa ni kabla?"

"Mimi. Nitalikagua."

"Na ukistaafu?"

"Nitakuwa nimemfundisha mtu."

"Huyo mtu umlete nimwone," akasema. "Mimi bado nitakuwa hapa."

Matangi mapya yalifika, na sasa meneja alikuwa ananisikiliza kwa utulivu ambao kwa kweli ulinitisha kidogo. Kila tangi lilipata beseni lake, mbali na la mwenzake, ili hata yote mawili yakipasuka siku moja dawa zisikutane. Mabeseni hayakuwekwa tundu chini. Maji ya mvua yakiingia, mtu anayapima kwa karatasi inayobadilika rangi ikigusa dawa, kisha anayatoa kwa pampu juu ya ukuta, na kazi hiyo inachosha, na imeachwa ichoshe makusudi. Wakati huo nilikwenda Mwika kumwona Mzee Shirima, nikamweleza yote. Alinisikiliza akimenya ndizi za mtori. Aliniuliza jambo moja tu: dereva wa gari la dawa atajuaje tangi lipi ni lipi?

"Tumeandika kwa herufi kubwa," nikasema.

"Dereva amechoka, ametoka mbali, jua liko machoni. Usimtegemee asome."

Ndipo tukaagiza midomo ya kujazia iliyo tofauti. Mdomo wa klorini una kipenyo chake na meno yake, wa siki una vyake. Mpira wa dawa moja hauwezi kuingia kwenye tangi la dawa nyingine, hata mtu akiwa na nguvu za ng'ombe. Festo alizunguka sana kuipata, safari hii bila kunung'unika.

Miaka ilipita. Yale matangi tuliyabadilisha kabla hayajapasuka, kama nilivyoahidi. Nilimleta Neema, binti aliyechukua nafasi yangu, kwa Mama Kilawe, akamsalimia shikamoo, akahojiwa kuhusu unene wa plastiki mpaka akatoka jasho. Bustani ilishapona zamani, na siku hiyo tuliondoka na kabichi.

Wiki yangu ya mwisho kazini gari la siki lilifika mchana, jua likiwa kali. Dereva alikuwa mgeni, hatujawahi kumwona. Mimi na Aloyce tulikuwa tumesimama kivulini upande wa pili wa uwanja, na Neema alikuwa anakuja akivaa glavu. Dereva hakumsubiri. Alivuta mpira, akaupeleka moja kwa moja kwenye tangi la klorini, akausukuma kwenye mdomo. Aloyce aligeuza kichwa chote kutazama. Mpira haukuingia. Dereva akauzungusha, akausukuma tena kwa bega, akatoa maneno fulani juu ya mafundi wa Moshi. Haukuingia. Akarudi nyuma hatua chache, akainua macho, akasoma maandishi.

Halafu akauburuta mpira kwenda upande wa pili, kwenye tangi la siki, ukaingia mara moja. Neema akafika, akakagua, akampa ishara afungue. Watu walikuwa wanatupita kwenda kantini kula, na hakuna aliyegeuza shingo.